Mama Mkwe Alipokalia Sanduku la Bendi

Shule niliishia darasa la pili, na sioni haya kusema. Waliosoma wa wakati ule wengi walikuja kucheza dansi kwenye ukumbi wangu, na matofali ya ukumbi huo niliyafyatua kwa mikono hii. Nilitoka Majimoto kijana mikono mitupu, nikabeba magunia stesheni ya Mpanda, nikajifunza kuchoma matofali, mpaka nikasimamisha ukuta wangu mwenyewe. Ulikuwa ukumbi wa wazi: ukuta pande zote, jukwaa la saruji, mlango mmoja, na juu mbingu.

Miaka ile ya sabini wanamuziki tuliwajua kwa masikio. Redio yangu niliiweka dirishani na watu wakajaa uani. Kulikuwa na mwimbaji mmoja wa bendi ya Dar es Salaam, sauti yake laini kama maziwa ya mgando. Fundi baiskeli wa jirani, akisikia sauti hiyo, anaacha tairi la mteja limejaa upepo nusu. Wanawake walibishana kama yule mtu ni mrefu au mfupi, mwembamba au wa kitambi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Niliposikia bendi ile imefika Tabora, nikapanda treni. Nikamkuta kiongozi wao, Mkongo mmoja mnene wa kofia, nikamwambia, "Mpanda kuna watu na kuna ukumbi. Nyie mnaogopa nini?"

"Mbung'o," akasema.

"Mbung'o hawapandi treni."

Akacheka. Akakubali kuja kupiga bugi, dansi la Jumapili mchana. Niliporudi na kutangaza, mji mzima ulinizomea. "Bendi ya redioni ije kwa mfyatua matofali?" Nikawaambia, kama hawaji, ukuta wangu nitaubomoa mwenyewe na mtakuja kutazama. Nilisema mbele ya watu, na mimi nikisema nimesema.

Wakaja. Jumapili asubuhi treni ilipofika, stesheni ilikuwa kama sikukuu. Yule mwimbaji akateremka: mfupi! Suruali yake ya bugaluu inafagia chini, viatu vya raizoni vimempandisha kidogo, na meno yote nje. Akasalimia kila mtu, mpaka mama mmoja muuza vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mwanangu kabila gani?"

"Mzaramo, mama."

"Ehee!" akasema yule mama. Mwimbaji hakukaa kusikia zaidi. Nikampeleka kwangu akaoge.

Yule mama alikuwa mama mkwe wangu, Mnyamwezi halisi, ndiyo maana pale stesheni mimi nilisimama mbali. Nyie vijana utani wa makabila mnausikia tu. Wakati ule Mnyamwezi akimpata Mzaramo alimchukulia kitu chake mchana kweupe, na mwenye kitu hakasiriki. Anatafuta namna ya kujikomboa. Mambo hayo ni ya tangu mababu wa Kinyamwezi walipobeba mizigo hadi pwani na kufikia kwa Wazaramo. Basi mama mkwe akaona sanduku la mbao kati ya mizigo ya bendi, akadhani ni nguo za mtani wake. Akajitwika kichwani hadi kibarazani kwake, akalikalia, akaendelea kukaanga vitumbua.

Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na vipaza sauti vyote vya bendi.

Yule kiongozi alipogundua alikuja mbio, kofia mkononi. "Baliiba sanduku yetu, patron! Ule mama analikalia!"

"Hajaiba. Ni utani."

"Utani ni nini? Sanduku iko chini ya matako yake!" Akawageukia vijana wake. "Ngoma zirudi stesheni. Treni ikiondoka, na sisi tunaondoka."

Treni ilikuwa inarudi Tabora alasiri hiyo hiyo. Niliona ngoma zinapita mbele ya macho yangu kwenda stesheni, na watu walionizomea wanazifuata nyuma. Mmoja akauliza kama nimeshanoa sururu ya kubomolea.

Mngesema niende nikamwombe mama mkwe. Siwezi! Kwetu Wapimbwe na kwao Wanyamwezi, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Ukimwona njiani, wewe unaingia porini mpaka apite. Mimi niliyepambana na tanuri la matofali, nilisimama nyuma ya mti wa mpapai namchungulia bibi mmoja na kikaango.

Nikakimbilia kwa mke wangu. Alikuwa anapepeta mchele.

"Nenda kwa mama yako atoe sanduku."

"Baba nanii, utani wa watu mimi naingiaje? Mwenyewe ajikomboe." Kisha akacheka mpaka ungo ukamtoka mkononi.

Nikaenda kwenye bafu la nyasi. Mwimbaji alikuwa anaoga, anaimba kwa sauti ile ile ya redioni.

"Bwana, mama mkwe wangu amekalia vipaza sauti vyenu!"

"Mkweo kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akaangua kicheko. "Mbona mlinificha jambo zuri hivyo? Nipe suruali!"

Alikwenda na povu masikioni. Mji mzima nyuma yake, wazomeaji wangu mbele kabisa. Mimi nikarudi kwenye mpapai wangu.

"Mtumwa wangu!" akaita. "Babu yako alimbebea babu yangu mizigo, na leo umebeba mwenyewe bila kuambiwa. Damu haipotei."

"Nyamaza, mla nazi! Jembe kwenu mnalijua? Mnaligonga tu mcheze ngoma."

"Na nyie mlipofika pwani mkatia sukari baharini mnywe chai!"

Watu wakalala chini kwa kucheka. Mama mkwe hakutikisika juu ya sanduku. Akaonyesha kinu kwa mwiko. "Mpunga ule pale. Utwange uishe. Na uimbe, nijue hulali."

Basi nyota wa redio akakunja bugaluu hadi magotini, akavua raizoni, akashika mchi. Akatwanga na kuimba, mchi ndio ngoma yake. Wanawake wakaanza kuitikia. Kijana wa tumba akateremsha ngoma yake njiani akafuata. Mpiga saksafoni naye. Yule Mkongo alisimama ameshika kofia, mguu mmoja unaanza kucheza bila ruhusa yake. Treni ilipiga honi, ikaondoka, na hakuna aliyegeuza shingo.

Mpunga ulipokwisha, mama mkwe akainuka, akalipangusa sanduku kwa kanga. "Chukua, mtumwa. Na mimi nakuja huko kwenu kuona kama kuimba ndiyo kazi."

Dansi la mchana likaanza jioni, na ukumbi ukajaa. Mama mkwe akakaa mstari wa kwanza, karibu na mlango. Hapo ndipo nikajua nilipojifunga: mlango ni mmoja, na mkwe yuko hapo. Bendi niliyoifuata Tabora, ndani ya ukuta wangu, nikaisikiliza nikiwa nje. Nilicheza nyuma ya ukuta, mimi na jenereta, na sikuona ubaya. Jenereta halikukanyagi.

Katikati ya bugi muziki ukatulia. Mwimbaji alikuwa amempa mtani wake kipaza sauti. Sauti ya mama mkwe ikatoka kubwa, ikafika stesheni:

"Mwambieni mwenye ukumbi, kuta zake ni nzuri. Mlango mmoja hautoshi. Mtu na mkwe wake watapishana wapi?"

Jumatatu asubuhi nilitoka na sururu. Wale wazomeaji walikuja mbio kuona nabomoa. Nikatoboa ukuta wa nyuma, nikaweka fremu ya mlango wa pili ya mninga, na bendi zote zilizokuja baada ya hapo nilizichezea ndani, upande wangu wa nyuma, na mama mkwe akicheza upande wake wa mbele.