Vidole vya Mwashi

Kazini wote walimwita Redio. Alikuwa mwashi, na kila mchana wenzake walipokaa kivulini kupumzika, yeye alifungua gazeti akawasomea kwa sauti, tangu habari za bunge mpaka matangazo ya vifo. Jioni alimsomea mkewe hadithi. Mkewe hakupelekwa shule. Kwao walisomeshwa kaka zake tu. Lakini hadithi alizipenda kupita kiasi, na mumewe akikatisha mahali patamu, alimjia juu: "Usinifanyie hivyo, baba. Endelea!"

Siku moja, walipokuwa wakizima chokaa kwa maji kwenye pipa, iliruka ikamwingia machoni. Wenzake walimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Hospitali walijitahidi, lakini jicho la kulia lilikufa, na la kushoto likafifia mpaka likabaki kumwambia tu kama kumekucha au bado.

Akawa mtu wa kukaa. Binti yao alimletea simu inayosoma yenyewe. Aliisikiliza kidogo, akaizima. "Inasoma kama inakimbizwa na mbwa," alisema. Jioni zikawa za kusikilizana kupumua.

Binti ndiye aliyemkokota mpaka kituo cha wasioona. Mwalimu, mwanamke asiyeona tangu kuzaliwa, alimshika mikono akaipapasa.

"Mzee, hii ni mikono au matofali?"

"Matofali, mwalimu. Yamekula saruji miaka mingi."

"Basi tutakwenda polepole."

Kichwani herufi za breli, maandishi ya nukta za kupapasa, ziliingia upesi. Alijua kila moja ina nukta ngapi na zimekaaje. Vidole ndivyo viligoma. Ukurasa wa breli kwake ulikuwa kama plasta iliyopigwa vibaya: alihisi mikwaruzo, hakusikia neno. Mkewe alimloweka vidole katika maji ya vuguvugu, akavisugua kwa jiwe, akavipaka mafuta. Wapi! Mwishowe Redio alikitupa kitabu ukutani.

"Niacheni," alisema. "Mimi nimeshakwisha."

Mkewe alikiokota kitabu, akakipangusa, akaketi nacho mapajani, akapitisha kidole. Akasema, "Hapa pana kitone kimoja, kimekaa peke yake."

Kwa shingo upande, Redio akasema, "Hiyo ni a."

"Na hapa viwili, kimoja juu, kingine chini. Katikati pako wazi."

"Hiyo ni k."

Wakaendelea hivyo, jioni baada ya jioni, mke akieleza anachogusa na mume akitaja herufi. Wakati mwingine waligombana. "Umeruka kitone!" "Sikuruka, kimelala!" Hata ikafika jioni ambayo mke hakuuliza kitu. Alipitisha kidole, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Maji," alisema. "Baba, hapa pameandikwa maji."

Akalia kwa sauti. Redio alimtafuta bega, akalishika.

Redio naye alikuja kugundua kwamba kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho mwiko na tofali havikukisumbua sana, kilikuwa bado kina uhai. Akajifunza kusomea hicho. Alisoma kwa kujivuta, ila alisoma.

Kisha mkewe akaugua, akalazwa. Saratani ya ini, daktari aliwaambia, nayo ilikuwa imeshakwenda mbali. Redio aliazima kituoni riwaya moja ya breli, juzuu tatu nene kama mito ya kulalia, akapewa mbili. Ya tatu ilikuwa kwa msomaji mwingine. Kila saa ya kutazama wagonjwa, bintiye alimfikisha kitandani, naye akaweka juzuu magotini akasoma. Wodi ilinyamaza. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa akisema, "Mzee, sauti juu kidogo, na sisi tupo."

Walikuwa katikati ya juzuu ya pili mkewe alipofariki. Ilikuwa asubuhi, kabla Redio hajafika.

Baada ya mazishi, mwalimu alimpelekea juzuu ya tatu. Redio aliiacha mezani ndani ya mfuko wake. Bintiye alipoigusa kuipanga, alimwambia, "Iache hapo hapo."

Miezi ikapita. Siku moja mlango uligongwa, na sauti aliyoifahamu ikabisha hodi. Alikuwa yule mama wa kitanda cha jirani. Alikuwa ametoka hospitali, akaulizia nyumba mpaka akafika. Alitoa pole, kisha akauliza kwa aibu, "Mzee, yule dada wa kwenye hadithi, alimpata mwanawe?"

"Sijui," Redio alisema. "Sikuimaliza ya pili. Sikuweza."

"Mimi huwaza. Nikilala, namuwaza yule dada, halafu namuwaza mkeo."

Redio akainuka, akapapasa rafu, akashusha juzuu ya pili, akatafuta ukurasa walipoishia. Mgeni alivuta kiti. Redio akaweka kidole kidogo juu ya mstari, akasoma maneno mawili, akakwama. Akarudi mwanzo wa mstari, akaanza upya.