Alama Tano za Mama

Kwa miezi minne nilizunguka na tableti nikiuliza watu kama huduma za serikali mtandaoni zinawafaa. Nilikuwa mkusanyaji data wa utafiti, kazi ya kandarasi. Swali la mwisho lilikuwa moja kwa wote: kutoka moja hadi tano, umeridhika kiasi gani? Na Eastlands nzima, mitaa yote hii ya mashariki mwa Nairobi, niamini, iliniambia tano.

Si kwamba walikuwa wameridhika, wapi! Mama mmoja wa Baba Dogo alinieleza nusu saa nzima alivyozungushwa kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Akalia, akapangusa machozi na leso, kisha akasema, "Andika tano, mrembo. Tusikuharibie kazi." Ndivyo watu wetu walivyo. Ukibisha hodi na kitambulisho cha kazi shingoni, wanadhani wewe ndiye unayepewa maksi. Mwanzoni nilibishana nao. Baadaye nilichoka, nikawa nabonyeza tu.

Nyumbani Ziwani niliishi na mama. Alishona nguo kiwandani miaka mingi, mpaka presha ya macho ikamtoa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia daktari alisema upasuaji ungeliokoa, ila tusicheleweshe. Bima ya serikali ingelipa, mradi namba ya uthibitisho itumwe kwenye simu na karani asomewe kabla haijapitwa na muda. Kwa vile mama hakuweza tena kusoma ujumbe, siku ya kumsajili niliweka laini yangu. Nikajiona mjanja kweli.

Siku ya upasuaji jirani alimsindikiza hospitalini. Mimi nilikuwa kazini, mtaa wa Kiamaiko. Msimamizi wetu hakuwa na mchezo na simu: mahojiano yakianza, zima, tia mkobani. Yangu iliwahi kulia katikati ya kurekodi, akanifokea mbele ya wenzangu wote. Basi nikaizima, nikidhani nitamaliza kabla namba ya mama haijatumwa. Niliyekuwa namhoji alikuwa mchoma vichwa vya mbuzi, na kila mara mteja anaingia, "Ngoja kidogo, dada." Nilimuuliza, nakumbuka vizuri, kama amewahi kukosa huduma kwa sababu namba ya uthibitisho haikumfikia.

"Hapo weka ndiyo," akacheka. "Lakini mwisho weka tano."

Nilipowasha simu, namba nne ziliingia kwa mpigo, zote zimeshapitwa na muda. Nilikuwa nimetafutwa mara nane. Nikapiga. Karani aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba jirani aliomba laini yake itumike, mfumo ukakataa, na nafasi ya mama ikaenda kwa mgonjwa aliyefuata. Nikasema asante. Kisha nikabisha mlango wa pili, nikaanza mahojiano mengine. Hata leo sielewi ni kwa nini.

Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki nyingi. Daktari alimmulika jicho, akazima tochi, akasema hakuna tena cha kuokoa.

"Haya basi," mama akasema, akaanza kutafuta mkoba wake.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia. Ilikuwa ganzi tu, kama mguu ulioukalia. Nilipika, nilifua, nilienda kazini. Nilijua kosa ni langu, jinsi unavyojua leo ni Jumanne.

Wiki ya mwisho, kompyuta iliyokuwa ikituchagulia nyumba za kuhoji ilichagua mlango wetu. Kanuni ilitaka nimwachie mwenzangu. Nikanyamaza. Nikaketi mezani na mama, nikamsomea maswali kwa ile sauti yangu ya kazini, nikimwita "mama" kama nilivyowaita mama wote wa mitaa hii.

"Je, umewahi kukosa huduma kwa sababu namba ya uthibitisho haikukufikia?"

"Hapana."

"Mama."

"Nimesema hapana. Wewe andika."

Hasira ikanipanda, ya kwanza tangu siku ile. "Kwa nini unadanganya? Sema ukweli! Sema ni mimi!"

Alipapasa kikombe chake cha chai, akakisogeza mbali na tableti kisije kikaimwagikia.

"Hayo majibu si yanasomwa na wakubwa wako?"

"Yanasomwa."

"Basi. Endelea."

Nikaendelea. Hasira ilikuwa imeshaondoka, na nyuma yake hakikuja kitu. Nikafika swali la mwisho: kutoka moja hadi tano.

"Tano," akasema upesi, hata sijamaliza. "Nisikuharibie kazi, mwanangu."

Nikabonyeza tano. Mahojiano yakiisha, aliyehojiwa hutia sahihi kwa kidole kwenye skrini. Nikamsogezea tableti. Kidole chake kikautafuta mstari juu ya kitambaa cha meza, mbali kabisa na skrini, kikaenda, kikarudi. Nikamshika mkono, nikauweka pale panapostahili, tukaandika jina lake pamoja.