Naive Kushoto, Careful Kulia

Sikupigwa hata kofi. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo kwenye aibu, na nikianza kuzunguka nitajikuta nimekuwa shujaa, mdomo wangu naujua. Askari aliniuliza mara moja tu, "Nani amekuandika?" Nikamtaja rafiki yangu, nikataja kazi yake na baraza anaposhonea, nikaongeza na rangi ya mlango ambayo hakuna mtu aliyeniuliza. Mlango wa bluu, nikasema. Halafu ndipo nikajikojolea. Wenzangu hujikojolea kwanza, halafu wanasema. Mimi nilifanya kinyume.

Ilikuwa Nyamirambo, Kigali, mwaka wa tisini, vita imeanza kule kaskazini na mwezi haujaisha. Nilikuwa mpiga pasi. Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano nalo nilikaa nusu. Huyo rafiki yangu alikuwa fundi cherehani. Wazazi wake ni watu wa hapa waliokimbilia Tanzania zamani, yeye akazaliwa huko, akasoma huko, akaja mjini kwetu kushona suruali. Alikuwa mdogo wa mwili kabisa. Akikaa kwenye mashine ungesema ni mtoto wa shule aliyefuga masharubu.

Tulikodi baraza moja wawili. Yeye na cherehani yake mbele, mimi na meza ya pasi nyuma, na kando ya meza yangu boksi kubwa ya friji niliyopewa na Mhindi mmoja wa dukani. Nguo za wateja nilizitupa humo, na humo zilikaa. Mteja akija kuuliza shati lake, nilikuwa nachimba. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kuona chini ya ile boksi. Fundi alikuwa ananicheka kila siku: "We sha, ndugu yangu, siku utamaliza hiyo boksi, mimi nitachinja mbuzi."

Sasa Kiingereza kiliingiaje hapo? Kwa tamaa. Hoteli moja kubwa ya mjini ilikuwa inatafuta mtu wa kufua na kupiga pasi, na kwa vile waandishi wa habari wa kizungu walikuwa wamejaa kwa ajili ya vita, walitaka mtu wa kuelewa Kiingereza kidogo. Nikamwomba fundi anifundishe. Nilidhani tutaanza na habari za asubuhi. Yeye akasema hapana.

"Utaanza na matusi," akasema.

"Matusi ya nini, fundi?"

"Salamu hata usipoielewa, utacheka tu, itapita. Lakini mtu akikuita mjinga na wewe unacheka, unamwambia asante bosi, hiyo ni hasara. Kwanza ujue unavyotukanwa."

Na alikuwa na mtindo wake. Hakukubali kunipa neno moja peke yake. Kila neno la ujinga alilifunga na kinyume chake. Siku ya kwanza ilikuwa "fool" na "wise". Siku ya pili "silly" na "serious". Alianza na lile zuri, akanieleza mpaka nikalielewa, halafu akaniuliza, "Sasa mtu ambaye hana hiyo?" Nikijibu, "Mimi," anasema, "Vizuri, hilo ndilo neno lenyewe."

Daftari hatukutumia, na sababu ilikuwa woga. Waliokuja na bunduki walitokea Uganda, na Uganda wanaongea Kiingereza, kwa hiyo ukikutwa na Kiingereza, wewe ni wa kwao. Nyumba zilikuwa zinapekuliwa. Kila asubuhi watu walipakiwa kwenye pikapu, wakapelekwa uwanja wa mpira, na mechi hakuna. Jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa sababu ya redio tu. Watu wa mtaa wetu, ambao kwa kelele hatukuwa na mpinzani, tulikuwa tunanunua hata chumvi kwa kunong'ona. Na mtu kama fundi, aliyezaliwa nje, hakuhitaji kosa lolote. Alikuwa halali uchi siku hizo, analala na suruali na viatu.

Kwa hiyo akili ilikuwa hii: karatasi itakutwa, lakini mkono unanawa. Fundi alichukua biki akaniandika viganjani. Neno la ujinga kushoto, kinyume chake kulia. Mchana kutwa nikipiga pasi nasoma mikono yangu, kushoto, kulia, halafu kabla ya kutoka barazani nanawa na sabuni. Tulijiona wajanja wa kutisha.

Asubuhi hiyo neno la kulia lilikuwa "careful".

"Careful," fundi akasema huku ananiandika kiganja, ulimi umetoka nje kama anatunga uzi, "ni mtu anajaribu pasi kwenye kitambaa kibovu kwanza, ndipo anaiweka kwenye hariri. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa mtu ambaye hajaribu, anaweka tu, anaamini itakuwa sawa?"

"Mimi."

"Naive," akasema, akachukua mkono wa kushoto.

Makaa ya pasi yakaisha. Nikasema nakwenda kununua, hapo juu tu, dakika kumi. Akasema, "Nawa mikono kwanza, bwana." Nikasema bado sijayashika vizuri, nitasoma njiani. Hiyo ndiyo careful yangu. Nikatoka.

Penye kona ya kupandia kwa muuza makaa kulikuwa na askari wawili ambao jana hawakuwepo. Wameweka benchi katikati ya njia. Mmoja mtu mzima, mwingine kijana mwenye shingo ndefu. Nikatoa kitambulisho, wakakiangalia pande zote mbili, nikaona mambo yanakwenda vizuri. Halafu yule mtu mzima akasema mikono juu, anipapase mifukoni.

Nikainua. Nikaifungua vizuri kabisa, vidole vimetanuka, kama mtoto anayeonyesha mwalimu kwamba amenawa.

Kijana ndiye aliyeona. "Shefu, huyu ameandikwa."

Yule shefu, yaani mkubwa wake, akanishika kifundo cha mkono, akasoma. Kifaransa alikijua. "Naïf," akasema. "Nani naïf? Mimi?"

"Hapana shefu, ni mimi."

Akashika wa kulia. "Ka-re-fu." Akarudia. Uso wake ukabadilika. "Hii si Kifaransa. Hii ni ya wale."

Nikaanza kujieleza: hoteli, wazungu, pasi. Maneno yalitoka yote pamoja kama nguo kwenye boksi yangu. Akaninyamazisha kwa kidole. Halafu akauliza, "Unaandika na mkono gani?"

"Wa kulia, shefu."

"Basi huu wa kulia nani amekuandika?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Nimefikiria miaka mingi, nimepata majibu kama kumi na tano, mengine mazuri sana. Ningesema mtoto wa jirani, mlevi wa kwenye baa, mimi mwenyewe na biki mdomoni. Lakini wakati ule kichwani hakukuwa na kitu, kulikuwa na uwanja wa mpira tu. Nikasema fundi. Nikasema mlango wa bluu. Miguu ikapata joto.

Yule kijana ndiye aliyetumwa kushuka na mimi. Akaniambia niweke mikono kichwani, viganja vikitazama juu, ushahidi usifutike. Nikashuka barabara ya mtaani kwetu hivyo, saa nne ya asubuhi, jua kali, suruali imelowa, mikono wazi juu ya kichwa kama nimebeba sinia ambayo haipo. Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele waliinuka wakaingia ndani. Hakuna aliyecheka. Mtaa wetu kutonicheka mimi! Hapo ndipo nilijua nimekwisha.

Njia nzima nilikuwa naomba fundi awe ameenda chooni, ameenda sokoni, ameenda Tanzania.

Tukafika. Kiti kitupu. Suruali ya mteja imelala chini ya sindano, futi ya kupimia iko sakafuni. Na chini ya cherehani, viatu vyake vimekaa pamoja, vinanitazama.

Askari akaviona. "Hivi ni vya nani?"

"Vyangu, shefu."

"Na hivyo ulivyovaa?"

"Navyo vyangu."

"Wewe uko na miguu mingapi?"

"Miwili, shefu. Kwa sasa."

Akaniangalia sana. Akaingia nyuma, akafungua mlango wa choo, akarudi. Akakaa kwenye kiti cha fundi, bunduki kwenye mapaja. "Tutamngoja. Fanya kazi yako."

Nikashika pasi. Nikatoa shati la juu kwenye boksi, nikapiga. La pili, nikapiga. Nilikuwa nafanya haraka kuliko siku zote za maisha yangu, hofu ilikuwa inanisukuma, na nguo zilikuwa zinashuka. Gauni, nikapiga. Nikaingiza mkono mara ya nne, nikashika nywele.

Zilikuwa na joto. Nilidhani paka. Halafu paka akapumua kwenye kiganja changu, pole pole, nikayasikia masharubu.

Sijui nilisimama vile muda gani, mkono umezama ndani mpaka kwenye bega. Askari akauliza, "Nini?"

"Natafuta kola, shefu."

Nikatoa kitambaa cha meza. Sasa nikahesabu kwa macho: juu yake zimebaki nguo labda saba. Nikitoa zote, kichwa kitaota kama kabichi. Nikisimama, yule kijana ataniuliza kwa nini nimesimama. Mimi ambaye miaka mitatu nilisemwa kwa kuchelewesha nguo za watu, sasa nilitakiwa kuchelewesha kwa ustadi, mtu ananiangalia na bunduki.

Nikapiga kile kitambaa mpaka kikachoka. Kona nne, katikati, nikageuza, kona nne. Pasi yenyewe ilikuwa imeshapoa, makaa sikununua. Nilikuwa nasukuma chuma baridi, jasho linadondoka, nalo ndilo lilikuwa linatoa unyevu. Nikachukua shati, nikalipiga, nikalirudisha ndani ya boksi. Gauni, nikalirudisha. Nikaliweka taratibu juu ya kichwa cha rafiki yangu kama namvisha kofia.

"We!" askari akasema. "Hiyo si umeshapiga?"

"Nimeshapiga, shefu."

"Na unairudisha?"

"Napanga, shefu. Ambazo tayari ziko na ambazo bado, zisione wivu."

"Wewe uko mjinga kweli kweli."

"Ndiyo shefu. Ndiyo maana nimeandikwa."

Nikamwonyesha mkono wa kushoto. Akacheka, kicheko cha kitoto kabisa, shingo yake ndefu ikayumba. Mimi nilikuwa nacheka pia, meno yanagongana. Kutoka ndani ya boksi sikusikia kitu. Ikaniingia kwamba labda amekosa hewa, nimemuua kwa nguo safi.

Tulikaa hivyo mpaka karibu saa saba. Nilipiga gauni lile mara tisa. Halafu honi ikalia huko juu kwenye kona, pikapu, na yule kijana akasimama akajinyoosha. Akanikamata mikono, akatema mate kwenye kiganja kimoja, halafu kingine. "Ramba. Nisione hiyo kitu tena."

Nikaramba. Naive, halafu careful. Kiingereza changu mpaka leo kina ladha ya majivu ya pasi.

"Akirudi umlete," akasema. "Usipomleta, tutakuchukua wewe." Akapanda juu.

Walirudi kweli, siku mbili baadaye, na fundi alikuwa ameshavuka mpaka. Hawakunichukua, walichukua cherehani. Hotelini sikwenda kuomba ile kazi. Lakini hayo ni baadaye. Mchana ule, nilipohakikisha pikapu imeondoka, nilifunga mlango wa bluu nikazitoa zile nguo za juu yake.

Alikuwa amekunja magoti mpaka masikioni, uso mwekundu, alama ya kifungo cha shati imejichora shavuni. Hakuweza kusimama, nikamvuta kama nguo iliyolowa. Akakaa sakafuni anavuta hewa. Mimi nikaanza kulia, na kulia kwangu ni kubaya, nalia kama mbuzi.

"Ni mimi niliyekutaja," nikasema. "Hawakunipiga hata. Ni mimi."

"Najua. Nilikuona toka kwenye kona, mikono juu ya kichwa. Nikasema, huyu ameshanitaja, na mlango ameutaja."

"Sasa kwa nini hukukimbia? Kwa nini boksi yangu, fundi? Kama angesema nimalize kazi, je?"

Akavaa viatu vyake, kimoja, kingine, akajifuta shavu penye ile alama.

"Mdomo wako sijawahi kuuamini hata siku moja," akasema. "Lakini nguo za kwenye hiyo boksi, nilijua huwezi kuzimaliza."