Kabati la Bunduki

Nina bunduki ya kufukuzia nguruwe shambani, hapa Oldeani, na polisi waliniagiza niifungie. Nyumba yangu ni chumba kimoja, kwa hiyo nilichagua kabati jembamba la chuma. Balozi wa nyumba kumi akanisifu hadi kituoni.

Kumbe panya walikuwa wakitafuna magauni ya marehemu mke wangu. Nikayahamishia kabatini, nami mzee mzima nikawa nalifungua kila jioni, nakaa mbele yake.

Wiki iliyopita afande alikuja na wakulima wanne.

“Nimewaleta wajifunze kwako, mzee. Tufungulie.”

“Ufunguo umepotea, afande.”

“Na huo shingoni?”

Nikafungua. Afande akayapekua magauni hadi nyuma.

“Bunduki iko wapi, mzee?”

“Huwa nailalia, afande.”