Namba ya Siri ya Mama wa Mitole

Kila Ijumaa mama mmoja wa kijiji cha Mitole huja kwenye kibanda changu cha ufundi simu, Kilwa Masoko, nimsaidie kubadilisha namba ya siri ya kufungulia simu yake. Huitoa simu kwenye leso aliyoikunja mara tatu, akapangusa kioo kwa kidole gumba. Akianza kubonyeza, mimi hutazama pembeni. Wiki iliyopita nilimuuliza, "Mama, kuna mtu ameijua?"

"Hakuna, mwanangu. Aliyekuwa akiijua ni mume wangu, tulimzika mwezi wa Shaabani." Akaikunja upya leso. "Siku nikianguka ndani peke yangu, nani ataifungua simu awapigie wanangu?"

Nikamkumbusha kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu.

"Najua," akasema, "lakini kila Ijumaa naibadilisha mbele yako ili uione, nawe hutazama pembeni." Kisha akaitaja tarakimu moja moja, akaniomba niirudie. Nikairudia, naye akafumba macho kunisikiliza.