Mchanga kwenye Nsima

Juzi nilikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nimepeleka maharage kama kawaida yangu. Njaa ilikuwa inaniuma, nikaingia kwa mama mmoja muuza chakula. "Nikupe nshima?" Nikasema nipe. Akaniwekea bonge la ugali mweupe wa mahindi, dagaa pembeni. Nikaukodolea macho. Hii nayo nshima? Wewe unayenijua unajua nina ugomvi wa siku nyingi na neno hilo. Likitajwa tu, situlii.

Kwa bibi yangu mzaa baba, kule Kasense, nsima ilikuwa kitu kimoja tu: ugali wa ulezi, mweusi, mzito, unaonukia moshi. Wa mahindi aliuita ugali, chakula cha watu wa mjini. Wali wa mchele wa Mtowisa, ambao sisi watoto tuliupigania sikukuu, yeye aliuonja kwa adabu, kisha akauliza, "Haya, chakula kinaiva saa ngapi?" Siku moja nilimuuliza neno lenyewe limetoka wapi. "Limetoka chunguni. Kalete mwiko." Ukimbana sana ndipo anakwambia wazee walikuja nalo kutoka magharibi, pande za Kongo, wakitafuta mashamba.

Miguu ilipomkataa, baba akamleta kwetu mjini, Katandala. Hapo ndipo kazi ilipoanza! Mama yangu alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, karani wa serikali, na kwa kupika hakuna aliyemfikia mtaani, lakini bibi hali. Ndizi anadokoa. Ugali na samaki, migebuka, anamega tonge mbili ananawa. "Nashukuru, mwanangu. Nasubiri nsima." Akakonda huku tunamwangalia. Baba uvumilivu ukamwishia: "Mama, kula basi, utatufia!" Bibi akavuta kanga yake, akajifunika. Mimi niliogopa vibaya sana. Nilitoka nikaingia, nikatoka nikaingia, hata rede sikuweza kucheza na wenzangu.

Jumamosi moja mama akanishika mkono tukaenda Kasense. Shambani kwa bibi, yale matuta yake ya mviringo, ya kufukia nyasi zioze ndipo upande ulezi, yalishaanza kuota magugu. Jirani yake akatupatia debe la ulezi kutoka ghalani kwake. Mama, na haraka zake za ofisini, akalipeleka moja kwa moja mashineni. Ulezi kwetu unapurwa chini, kwenye udongo. Usipouosha na kuupepeta, unasaga na shamba. Jirani hakusema, maana nani asiyejua jambo hilo?

Jioni mama akasonga, jasho linamtoka, akatenga. Bibi akamega tonge, akatia mdomoni. Krrr! Wote tulisikia.

"Mungu wangu, mchanga!" Mama akashika kichwa. "Nisamehe, mama, nipe niutoe."

Bibi akaivuta sahani kwake. "Iache hapohapo. Hii ndiyo nsima."

Akaila yote, meno yakilia, na mama amekaa chini analia na kucheka. Mimi nilifurahi mpaka nikatoka mbio nje na kurudi, sijui nilikuwa namkimbilia nani. Bibi akarudi mwili, na mama akajifunza kuosha ulezi mpaka wanawake wa Kifipa, kabila la bibi na baba, wakawa wanamwita awasaidie.

Tangu nianze biashara nimezunguka na neno hilo. Malawi wanasema nsima, Mombasa wanasema sima, na kila mwenye chungu anakuapia kwamba limezaliwa kwao. Wote wananiletea ugali mweupe, laini. Hata Kasense siku hizi karibu kila shamba ni mahindi, na palipokuwa na matuta ya bibi pana nyumba za bati. Ulezi watu wananunua wa pombe na uji wa watoto. Bibi alishaondoka, na mama naye. Wanangu wananiuliza kwa nini sikai nyumbani, kila wiki nipo barabarani. Nawajibu ni biashara. Lakini kila mji ninaofika, kabla sijauliza bei ya maharage, nauliza wanapika nini.

Pale Nakonde nilinawa, nikamega, nikatafuna taratibu. Laini kabisa. Nilikula mpaka nikamaliza sahani, na hadi tonge la mwisho bado nilikuwa nasubiri mchanga.