Pumzi ya Adeer Nuur

Nakumbuka asubuhi moja ya vumbi jeupe kule Habaswein, mwanangu, asubuhi ambayo hunijia hadi leo kama ndoto isiyotaka kuisha. Nilikuwa afisa mdogo wa maji, nimetumwa kutoka nyanda za juu, viatu vyangu viking'aa mahali ambapo hakikung'aa kitu ila jua. Ndani ya kisima vijana walisimama mmoja juu ya mwenzake wakipokezana ndoo, na ngamia walingoja ukingoni kwa utulivu wa wazee wanaosubiri neno. Juu yao alisimama Adeer Nuur. Adeer ni ami kwa Kisomali, na sote tulimwita hivyo, hata mimi nisiye wa ukoo wake. Hakushika ndoo. Aliimba, na ndoo zilipanda kwa wimbo wake.

Zamani alikuwa akishika. Lakini baridi yabisi ilivipinda vidole vya mikono yake yote miwili, vikalala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo, na kila alfajiri viungo vilikaza hata asiweze kufunga kifungo cha shati mpaka jua lipande. Basi akaachiwa kuimba. Sauti yake ilikuwa ndefu, mwanangu. Ilikwenda ikapotea katika mwanga ule mweupe, ikarudi, na ngamia wakageuza shingo kuitazama kana kwamba inaonekana.

Kiangazi kile wimbo ulianza kufupika. Ungefika katikati ukakatika, na ndoo zikagongana kisimani.

"Adeer," vijana walimtania, "leo wimbo haina mkia!"

"Mkia nimewachia kondoo," alijibu, akacheka, na kicheko nacho kikakatika.

Jioni miguu yake ilivimba. Usingizini aliegemea magunia, hakuweza tena kulala chali. Na kila dalili ilipozuka, ilipewa jina lile lile: ni baridi yabisi hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu aliyezoea wingu moja haoni jingine likija nyuma yake.

Mvua ilikaribia, na mifugo ilikuwa ihame kwenda mbali, mwendo wa miguu. Adeer alikwisha kusema kwamba anakwenda. Wanawe wakanijia kuniuliza, maana nilikuwa mtu wa serikali. Nami, kwa Kiswahili kilichonyooka, nikawaeleza kwamba maumivu humla mtu nguvu, na kwamba akitembea polepole viungo vitalegea. Wote wakatikisa vichwa kukubali.

Ambaye hakutikisa ni Ayeeyo Dahabo, dada mkubwa wa Adeer (ayeeyo kwao ni bibi), mwembamba mwenye macho makavu. Alinitazama mpaka nikarekebisha kola yangu.

"Kijana ya serikali, mkono iko na mdomo?"

"La, Ayeeyo."

"Mkono naimba?"

"Hauimbi."

"Basi kwa nini wimbo nakatika? Nyinyi nasema mkono, mkono, mguu, mguu. Kifua ya ndugu yangu nani ameuliza?"

Ni kweli, hatukuwa tumeuliza.

"Dahabo, wacha," Adeer akasema. "Ngamia haitembei bila mimi."

"Wallahi, ngamia ilitembea kabla wewe uzaliwe. Mimi niliona."

Kisha akaichukua fimbo ya kuchungia ya mdogo wake huyo aliyemlea mwenyewe, akaiweka chini, akaikalia. Mchungaji hatoki bila fimbo, na hakuna mwanamume pale ambaye angethubutu kumwinua Ayeeyo. Ngamia wakaondoka na wana. Sisi tukampandisha Adeer katika lori la mbuzi, tukashuka naye Garissa.

Daktari aliviangalia vidole kidogo tu. Kifuani alisikiliza kwa muda mrefu sana, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza maji yanayopita mbali chini ya ardhi. Alipofumbua akatuambia kwamba moyo una milango yake, na mmoja haufungi sawasawa. Damu iliyokwisha kutoka inarudi nyuma, na moyo unafanya kazi ile ile mara mbili. Baadaye picha zilizopigwa Nairobi zikathibitisha.

"Lakini yeye ni mgonjwa wa viungo," nikasema.

"Ugonjwa ni ule ule," akanijibu. "Kinga ya mwili imegeuka kuupiga mwili wenyewe. Ilianza na viungo. Haikuishia hapo."

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Sijapata kuona methali ikitimia waziwazi namna ile.

Hapa nisahihishe kumbukumbu, kwa maana habari hii husimuliwa ovyo mjini. Haikuwa jicho la hasidi. Haikuwa adhabu. Wala si kila mwenye baridi yabisi hufikwa na ugonjwa wa moyo; wengi hawafikwi, na wengine hufikwa kidogo tu. Adeer naye hakupona. Mlango ule haukurudi kufunga. Alipewa dawa za moyo na za viungo, akakaa Garissa karibu na hospitali, na vijana waliotoka malishoni walimwita mzee wa mjini.

"Ngamia wangu nakunywa maji," aliwaambia, "mimi nakunywa vidonge. Wote tuko hai."

Akaishi hata akamwozesha binti yake wa mwisho, ameketi mbele ya wageni, akipumua kwa nafasi.

Sasa kinachoniudhi, na naomba nisamehewe ukali wangu, ni hiki. Juzi, kwenye foleni ya zahanati, nilimsikia kijana aliyevaa vizuri akimwambia mamake, aliyesimama akihema ameshika ukuta, vidole vyake vimepinda: "Ni miguu tu, Mama. Jikaze, tembea." Elimu yote hii, simu mkononi, na bado magoti yanabebeshwa lawama za moyo! Nilimwita pembeni nikamweleza. Wewe nakuandikia.

Mwanangu, aliye na maradhi ya viungo usimuulize panapouma tu. Muulize ameacha kufanya nini. Muulize analalaje, na anapumzika mara ngapi kati ya mlango na choo. Mwenye maumivu hutembea kidogo, na kwa kuwa hatembei, hakuna anayeona kwamba pumzi imepungua. Na mzee mwenyewe hatasema, kwa kuona haya au kwa kutojua. Mpeleke, na ukifika uombe kifua kisikilizwe. Usione aibu kuomba mara ya pili.

Mungu akupe sikio linalosikia hata kile ambacho wakubwa wako wamekinyamazia. Akujalie uwe nao miaka mingi, na pumzi yao iwatoshe, na yako isikauke. Amina.